Gari la Kwenda kwa Binti

Jumamosi, 3 Februari

Gari limefika. Limefika likivutwa kwa kamba nyuma ya lori la mchanga, kama mbuzi asiyetaka kwenda mnadani. Fowili, anasema mume wangu—magurudumu yote manne yanavuta. Leo hata moja halikuvuta.

Geti likawa jembamba. Mwalimu (amestaafu, lakini mimi mwenyewe bado namwita hivyo) akapima kwa macho, akasema litapita. Limepita. Geti nalo limepita nalo. Sasa geti limelala kwenye maua yangu na gari limesimama uani, rangi ya jino bovu, refu hadi dirisha la jikoni. Nikiosha vyombo naangaliana na taa zake.

Nikauliza, la nini hili? Akaangalia tairi, si mimi. Akasema: tunakwenda kwa Binti. Kwa barabara.

Kikombe kilinichomoka mkononi. Miaka mitatu hajamtaja mtoto huyu, leo anamtaja mbele ya dereva wa lori!

Nijikumbushe hapa nisije nikafurahi bure. Yule kijana alikuja kuposa na wajomba zake wawili. Walitoka stendi kwa miguu, viatu vimejaa vumbi. Mwalimu akawauliza mbele ya watu wote: "Na mwanangu mtambeba kwa chombo gani? Mgongoni?" Watu wakacheka. Binti hakucheka. Kaolewa huko kwao, nchi ya tatu kutoka yetu. Harusini nilikwenda peke yangu kwa basi, nikarudi miguu imevimba kama mikate. Mwalimu alikuwa na homa. Homa isiyo na joto, isiyo na kikohozi, iliyopona siku niliporudi.

Sasa Binti ana mimba. Mwanzo wa Aprili, Mungu akipenda. Na babu mtarajiwa amenunua mzoga.

Jumanne, 6 Februari

Tumepata fundi. Mtaa mzima unamwita Bado Kidogo, maana ndilo jibu lake kwa kila swali. Imekwisha? Bado kidogo. Umekula? Bado kidogo. Utaoa lini? Hivyohivyo. Uso wake siujui vizuri, namjua kwa nyayo. Ndizo zinazobaki nje ya gari.

Mwalimu anataka bomba la kuvutia hewa. Linapanda kando ya kioo mpaka juu ya paa, ili gari likiingia mtoni injini iendelee kupumua. Nikauliza: na sisi je, tutapumulia wapi? Chini ya gari nyayo zikatikisika kwa kicheko. Mwalimu akanuna. Nikamwambia mito ina madaraja siku hizi. Akasema madaraja huanguka.

Huyu mtu kafundisha jiografia maisha yake yote. Kila mto wa bara hili anaujua ulikozaliwa na unakofia, na hajavuka hata mmoja. Mfereji wa nyuma ya soko anauzunguka! Mimi niliyesambaza mkate kwa gari miaka kumi na moja, nikapita kwenye mafuriko, ng'ombe na maandamano, hakuna aliyeniuliza kitu. Nimeulizwa chai iko wapi.

Jumapili, 11 Februari

Siku ya simu ya Binti. Nimekaa sebuleni kama kawaida, na kama kawaida Mwalimu "hayupo". Amesimama nyuma ya pazia la korido. Vidole vya miguu vinaonekana, hata kucha nimezitambua. Nikaongeza sauti ya simu ili nisimchoshe masikio.

Binti: Mama, anakuja kweli?

Mimi: Gari linatengenezwa.

Binti: Hata wiki iliyopita lilikuwa linatengenezwa.

Anacheka kama baba yake, kwa pua. Tumbo limekuwa kubwa, anasema, mumewe anamvalisha viatu. (Yule asiye na gari!) Akauliza kwa nini tusipande ndege tu, si tungefika siku hiyohiyo? Vidole nyuma ya pazia vikajikunja.

Mezani nikamwuliza: kwa nini si ndege? Alikoroga chai muda mrefu, na sukari hajatia. Akasema: ndege inafika upesi mno.

Nimecheka mpaka nikapaliwa. Dunia nzima inalalamika ndege zinachelewa!

Ijumaa, 16 Februari

Leo nimepata raha kubwa na sina wa kumwambia, basi naandika.

Mwalimu ameunda kabati la nyuma ya gari. Droo za vyombo, droo ya spana, ubao wa juu wa kuweka godoro. Kaliundia sebuleni kwa sababu uani kuna jua. Wiki nzima tumekula tumesimama. Nami nimeshona mapazia ya madirisha ya gari, ya bluu, yenye mfuko wa miwani. Kazi nzuri, najisifu.

Mchana kabati likaisha. Akamwita Bado Kidogo walitoe. Mlangoni likakwama. Wakaligeuza—likakwama. Wakalisimamisha, likagusa dari. Mwalimu akakaa juu yake akakitazama kile kipimo chake cha utepe kama mtu aliyesalitiwa na rafiki.

Sikusema kitu. Kwa jinsi nilivyozaliwa, kutosema kitu ni kazi ngumu kuliko kubeba kabati. Niliingia jikoni nikauma kitambaa.

Wameng'oa fremu ya dirisha. Kabati limetoka. Sasa tuna nyumba isiyo na geti wala dirisha, na gari lenye mapazia. Mwizi akija atadhani sisi ndio tumeshaibiwa.

Jumatano, 21 Februari

Winchi imefungwa kwenye bampa. Ni ile mashine ya waya inayolivuta gari likikwama kwenye tope: unafunga waya kwenye mti, unabonyeza, gari linajitoa lenyewe. Mti hatuna. Nilikuwa nimebaki peke yangu na kile kidude cha kubonyeza. Nikafunga waya kwenye nguzo ya kamba ya nguo. Nani asingejaribu?

Gari halikusogea. Nguzo ndiyo iliyokuja. Ilikuja polepole, kwa heshima, na kamba yake, na nguo zake zote. Chupi za Mwalimu zikapita uani kwa foleni, moja baada ya nyingine, zikaingia chini ya bampa. Jirani alikuwa ukutani na kikombe chake, hakupepesa jicho hata mara moja. Akasema: hongera mama, inavuta!

Mwalimu alipotoka nilidhani atafoka. Akapiga magoti akakagua bolti. Akasema winchi ni nzuri. Kisha akasema, bila kuniangalia, kwamba huko tuendako kuna tope. Hapo ndipo nilipomwonea huruma kidogo, na sikuipenda hiyo huruma, ilinikuta nimeshika chupi.

Alhamisi, 29 Februari

Ameongeza taa. Sita, juu ya paa. Anataka kulitafuta jua?

Bado Kidogo amenenepa tangu aje. Chakula cha mchana kila siku, na jioni anafungiwa cha kuondoka nacho. Kwa mwendo huu hatapenya tena chini ya gari.

Jumapili, 10 Machi

Hema la juu ya paa. Linakunjuliwa kama kitabu, lina ngazi yake. Mwalimu kasema lazima tulijaribu, hatuwezi kujifunzia njiani. Basi baada ya chakula cha mchana tukapanda, wazee wawili, mbele ya mtaa mzima, kwenda kulala juu ya gari kwenye uwanja wetu wenyewe. Geti hatuna, kwa hiyo tiketi ilikuwa bure.

Ngazi ni ya watu wenye magoti. Mwalimu alinisukuma kwa bega. Pa kusukumia palikuwa mahali pamoja tu, akasukuma hapo. Nilipofika juu nilikuwa nalia kwa kucheka.

Ndani kwembamba. Tangu tupate kitanda kikubwa hatujalala karibu hivi. Ana mfupa wa nyonga nilikuwa nimeusahau! Mvua ikaanza, ikapiga turubai, ikawa vizuri. Akanyoosha kidole kwenye dari akanionyesha njia: hapa mpaka wa kwanza, hapa mbuga, hapa unakata kaskazini, hapa kwa Binti. Kidole kikifika kwa Binti kinaondoka upesi, kama kimegusa pasi.

Kisha godoro likateleza. Akaanza kulirudisha, anavuta, mimi naliinua, gari zima linayumba, springi zinalia kwii-kwii. Tukamsikia jirani anakohoa. Akauliza kutoka ukutani kama tuko salama. Mwalimu akapaza sauti ya darasani: "Tunapanga godoro!" Jirani akasema, ndiyo mwalimu, pangeni tu.

Sitatoka nje wiki nzima. Lakini nimelala usingizi mzuri.

Jumatatu, 18 Machi

Leo asubuhi Bado Kidogo ametoka chini ya gari, akasimama (ni mrefu, nilikuwa nimesahau), akafuta mikono akasema: "Mzee, imekwisha."

Imekwisha! Hilo neno halijawahi kutoka kinywani mwake. Tangi la pili lipo, betri ya pili ipo, friji inagandisha, pampu ya upepo inapuliza, injini inawaka kwa mara moja. Nilipiga kigelegele. Kisha nikamtazama Mwalimu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa majibu ya hospitali.

Akasema: na springi za nyuma? Fundi akasema ni mpya, mzee. Na mipira ya breki? Mipya. Akasema basi tuzibadilishe springi, ziwe ngumu zaidi. Bado Kidogo akanitazama mimi. Kwa mara ya kwanza tangu Februari, kanitazama mimi.

Saa nne hivi nikatoka na beseni la nguo. Nikamsikia anaongea. Amekaa ndani ya gari peke yake, kiti cha abiria, madirisha wazi, mapazia yangu yamefungwa vizuri pembeni. Anaongea na kioo cha mbele.

"Habari za siku nyingi, mwanangu." Akajikohoza. "Mwanangu, nimekuja." Akakuna shingo. "Hamjambo hapa? Tumekuja na gari. Hili gari lina matangi mawili. Ukilijaza hapa—" Akaacha. Akajipiga paji la uso kwa kiganja. Akaanza tena. "Habari za siku nyingi..."

Nilisimama na beseni mpaka maji yakanichuruzikia miguuni. Ndege inafika upesi mno. Nami nilicheka! Mtu huyu hatafuti gari la kumfikisha. Anatafuta njia ndefu ya kutosha mpaka apate la kusema. Na kila ndefu anayoipata anaiona fupi.

Nikaweka beseni chini nikaingia, kiti cha dereva. Alishtuka kama mwanafunzi aliyekutwa anavuta sigara.

Nikasema: Mwalimu, unaogopa.

Akasema barabara ni mbaya sana baada ya mpaka wa pili.

Nikasema barabara hujaikosea kitu.

Akachezea mfuko wa miwani. Akasema: "Yule kijana nilimwuliza atambeba kwa chombo gani. Mbele ya wajomba zake. Sasa nimwambie nini?"

"Mwambie pole."

"Pole tu? Mwendo wote huo kwa neno moja?"

"Basi si tungepiga simu!"

Akacheka, kwa pua. Kidogo tu. Kisha akashuka akaenda kuzitazama springi.

Jumamosi, 23 Machi

Ilikuwa tuondoke leo. Tulikubaliana. Nimeamka, nimevaa, nimefunga viazi vya njiani, nimetoka nje. Gari liko juu ya matofali. Magurudumu yote manne chini, yamepangwa ukutani kama masufuria. Mwalimu amekaa katikati na grisi mpaka kwenye nyusi. Anakagua beringi.

Niliyosema siyaandiki, hata kwenye karatasi yangu mwenyewe. Jirani aliingiza watoto ndani.

Nikampigia Bado Kidogo, akaja anatafuna. Nikamwambia, rudisha magurudumu. Akamtazama mzee. Nikasema usimtazame huyo, huyo ni abiria. Akauliza kwa adabu: "Kwani mama, unaendesha?"

Nikamwambia arudishe kwanza, swali baadaye.

Yaliporudi nikachukua ufunguo kwenye msumari, nikapanda, nikavuta kiti mbele mpaka tumbo likagusa usukani. Nikawasha. Ee Mungu! Lina sauti ya askofu. Gia ya kwanza ikakataa, nikaisemesha, ikaingia. Nikatoka pale palipokuwa geti, nikapita barabara ya shule, nikapita soko, nikazunguka stendi mara mbili kwa sababu nilitaka tu. Niko juu, naona vipara vya watu. Kwenye kituo cha mafuta kijana akaniita "bibi". Nikakanyaga mafuta, nikamwachia moshi.

Bila shaka nilipanda ukingo mmoja. Na ndoo ya mtu. Ndoo nimeilipa kwa samahani.

Nilipokuwa narudi nikatamani nisirudi. Nikasema moyoni, kata kushoto, barabara kuu hii hapa, mapazia unayo, viazi unavyo. Nusura. Kilichonirudisha si ndoa—sikuwa na kanga ya kubadili.

Mwalimu alikuwa amesimama pale palipokuwa geti. Hajanawa. Nilidhani atasema kitu cha maana. Akasema: "Klachi unaikanyaga kwa nguvu mno." Nikamwambia Jumatano alfajiri nakwenda kwa mwanangu. Akitaka kuja, kiti kipo. Asipotaka, amwagilie maua, kama atayapata chini ya geti.

Ufunguo nimeutia kifuani. Akiutaka, njia anaijua.

Jumanne, 26 Machi

Vitu vyote vimo ndani ya gari. Nguo za mtoto, shuka, dawa ya miguu yangu. Hasemi. Nami sisemi. Lakini jioni nimeona miswaki miwili kwenye droo ya vyombo. Sikuiweka mimi.

Jumatano, 27 Machi

Naandikia juu ya usukani. Kumeshapambazuka. Gari linawaka, nimeliacha lipate joto, linatetemesha mwandiko wangu wote.

Mwalimu yuko juu ya keria ya paa. Alisema anakaza kamba mara moja tu. Amevaa shati la kusafiria, lile la mistari, na suruali ya kulalia. Nusu anakwenda, nusu anabaki. Namsikia juu ya kichwa changu, anatambaa huku na huku, anavuta, anafungua, anafunga tena. Amenitaka nimpe spana nyingine. Nimekataa. Nimemwambia: shuka, au shikilia.

Jirani yuko ukutani na kikombe chake. Ameleta na kiti.

Simu inalia. Mkwe.

—Chupa ya uzazi imepasuka. Tangu usiku wa manane! Kabla ya wakati, lakini daktari anasema si mbaya. Yuko hospitali, uchungu unakuja unaondoka, Binti anatukana kila mtu, dalili njema. Nimemwambia kijana akae naye, amsugue mgongo, asijibu matusi. Nimemwambia tuko njiani. Si uongo sana, injini inawaka.

Juu kutambaa kumekoma. Amesikia. Kisha sauti yake, kutoka kwenye paa:

"Basi tumechelewa. Hatuwezi kufika kabla."

Nikasema mtoto akizaliwa haondoki, atakuwepo, watoto hukaa miaka mingi. Kamba imevutwa tena. Krrr.

Mkwe bado yuko kwenye simu. Anauliza: mama, hiyo ni sauti ya baba? Nikasema ndiyo. Nyuma yake nasikia hospitali, vitoroli, mtu anaitwa. Kisha akasema: "Naomba niongee naye, mama. Sina baba wa kumwuliza. Sijui nisimame wapi."

Nimetoa mkono dirishani nikaiinua simu juu, kuelekea paa. Mkono ukaanza kuuma. Nikabadilisha mkono.

Jirani amesimama.

Mkono umeshuka kutoka juu, wa grisi, umeshika spana. Umebaki hewani hapo, mbele ya kioo changu, hauji hauendi. Kisha spana ikadondoka kwenye boneti—kwangu!—na simu ikanitoka vidoleni, ikapanda juu.

Anajikohoza. Sasa anasema kitu. Anasema polepole, nasikia mnong'ono tu kupitia bati, na injini hii kubwa inanguruma juu yake. Sisikii. Ameacha kusema. Ameanza tena.

Naizima injini.